Hodi ya Dada wa Seva

Dada wa seva, anayetunza kompyuta kuu za ofisi yetu, hagusi kipanya. Huandika amri moja fupi, na kontena zote hujipanga kwenye skrini nyeusi, kila moja na programu yake ndani: ya barua, ya picha, ya simu za wateja. Huzipitia kwa ncha ya kidole bila kugusa kioo, midomo ikicheza, kama mama anayehesabu wanawe waliolala. Iliyokwama huizima taratibu, husubiri, kisha huiwasha upya. Kabla ya kuingia ndani ya yoyote husema "hodi" kwa sauti ya chini, mikono ikielea juu ya vitufe. Mwanzoni, nilipoanza kazi hapa, nilikuwa naitika, nikidhani kuna mtu mlangoni. "Si wewe, mdogo wangu," aliniambia.

Jana alasiri, mvua ikinong'ona dirishani, bosi aliinama begani kwake. "Hii ya mwisho ina kazi gani? Miaka miwili hakuna anayeitumia. Ifute." Dada akasema sawa. Akapiga hodi, akaingia. Ndani kulikuwa na neno moja tu, likijiandika lenyewe kila dakika: nipo, nipo, nipo. Alilitazama likipanda skrini mpaka chai yake ikafanya utando. Kisha akatoka, akafuta badala yake kontena tatu zilizokuwa zimezimwa zamani, hiyo akaiacha.

"Ya nani, dada?"

Hakugeuka. "Ya marehemu mwenzetu. Kiti chake ndicho hicho unachokalia."

Leo asubuhi aliposema hodi, niliitika, "Karibu."