Ulezi Uliopiga Chafya

Siku ile tulikuwa tunacheka. Naanzia hapo kwa sababu ninyi wajukuu zangu mkisikia neno vita mnanuna kwanza, mnadhani sisi tuliamka asubuhi tukakuta vita mlangoni. Hapana jamani. Tuliamka tukakuta ulezi. Mavuno yalikuwa mazuri mwaka ule pale Isansa, na mimi nilikuwa mke mpya, nimetoka Undali kuolewa huku Mbozi, Kinyiha bado kinanishinda. Kila nikifungua mdomo mama mkwe ananicheka. Jina langu Tusekile, kwa kwetu maana yake tumefurahi. Basi mama akanitania, "Waliokuita hivyo walikujua. Kusema hujui, kupepeta hujui, unachojua ni kucheka tu."

Mama yule, ee! Mfupi hivi, lakini sauti yake akiita huku, mtu wa kijiji cha Hasamba anaitika. Alizaa watoto wengi akawazika wadogo, akabaki na mmoja, huyo mume wangu. Naye utotoni aliugua mpaka watu wakaanza kuchimba kaburi. Akapona. Mwinjilisti alipokuja kumbatiza, mama akasema aitwe Lazaro, kama yule wa kwenye Biblia aliyeitwa na Yesu akatoka kaburini. Akasema, "Huyu kifo kilishamtazama kikamkataa."

Lazaro mwenyewe siku ile alikuwa juu ya kihenge kipya, anaezeka paa. Kihenge mnakijua? Ghala la fito, limesukwa kama kapu kubwa, linakandikwa udongo, unaingilia kwa juu ukiinua paa. Yeye juu anapiga mluzi, sisi chini tunapepeta, vumbi la ulezi linatuingia puani, tunapiga chafya kama mbuzi. Ndiyo asubuhi yetu hiyo.

Sasa vita tulikuwa tunaisikia. Vita ya pili ya wazungu. Tulisikia wanapigana huko kwao, wenye nguvu wote, na Mwingereza anataka vijana waende Keya, yaani jeshini. Mwene wetu, mtawala wa pale, aliambiwa atoe watu. Wengine walikwenda wenyewe, wamependa kofia na buti. Wengine walikimbilia porini, wengine kwa ndugu zao ng'ambo ya Tunduma. Walipopungua, askari wakaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Lazaro hakutaka. Alisema, "Mimi sina ugomvi na mtu."

Basi tukasikia jirani anaita huko njiani, anaita kuku wake. Kuku wake walikuwa wamekwisha kufa kwa kideri. Tukajua anatuonya.

Mama alionyesha kihenge kwa kidevu.

Lazaro akaingia ndani, akazama mpaka shingoni kwenye ulezi tuliokwisha kuumimina humo. Mama akanipandisha nikafunika paa. Nikashuka. Tukakaa chini, tunapepeta.

Wakaja askari watatu.

"Hodi hapa."

"Karibuni, baba."

"Mwanao yuko wapi, bibi?"

"Amekwenda kutafuta mke wa pili. Huyu wa kwanza hajui kupepeta."

Askari mmoja akacheka. Wakaingia nyumbani, wakatoka. Wakatazama zizini. Mimi ulezi unanimwagika, mama ananisukuma kwa goti.

Wakaaga. Wakafika kwenye njia.

Kihenge kikapiga chafya.

Askari yule aliyecheka akarudi polepole. Akaweka sikio kwenye udongo. Akasema, "Bibi, ulezi wako umepata mafua."

Mama akamjibu, "Ni baridi ya Mbozi, baba."

Wakainua paa.

Hawakumpiga, hapana, sitawasingizia. Walimtoa akiwa mweupe kwa vumbi, punje zimemjaa kwenye nywele na kwenye nyusi, kama mtu aliyetoka kaburini kweli. Akageuka akanitazama, akataka kusema, akapiga chafya tena. Sisi wote tukacheka. Na askari pia. Mpaka leo sielewi tulichekaje. Ndivyo alivyoondoka, kwa kicheko.

Mama alikifunga kile kihenge. Akakandika udongo hata pale mdomoni. Akasema, "Ulezi huu ni wa mwenyewe. Akirudi atafungua."

Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Vita hatukuiona kwa macho, lakini ilikaa nasi jikoni. Chumvi ikapotea. Nguo ikapotea, watu wakavaa magunia. Kanisani upande wa wanaume wamebaki wazee na watoto, ukiimba sauti nene haipo. Na kila kijiji kuna mama anayetazama njiani.

Jumapili moja akaja mtu wa kijiji cha Ruanda, hapa hapa Mbozi, aliyerudishwa mapema kwa kuwa mguu wake mmoja ulikatika. Mama akamshika shati. "Lazaro wangu umemwona?"

Yule mtu akasema, "Nilimwacha mzima, mama. Yuko Bama."

Mama akapiga vigelegele mle mle uani mwa kanisa. Sisi sote tulisikia boma. Boma! Si ni Mbeya hapo, kwa mkubwa wa serikali? Mtoto yuko boma siku zote hizi na sisi tunalia! Yule mtu alitaka kusema zaidi, nani amsikilize? Mama alikwisha kuondoka.

Tukasaga unga wa ulezi, lakini si wa kile kihenge. Tukachoma jogoo. Tukatembea, mizigo kichwani, tunalala kwa watu wa kanisa njiani, na mama anamsimulia kila mtu, "Mwanangu yuko boma, labda amekuwa karani." Miguu ilinivimba, yeye anaimba.

Pale boma tukamkuta karani kijana, suruali imenyooka.

"Mwanangu nimemletea chakula," mama akasema. "Lazaro Nzunda. Yuko hapa."

"Nani kakwambia yuko hapa?"

"Mtu aliyemwacha. Kasema yuko boma."

Karani akaanza kucheka, akamwita mwenzake, "Njoo usikie!" Kisha akaona uso wa mama, akanyamaza. "Bibi, si boma. Ni Bama. Ba-ma. Ni nchi. Ng'ambo ya bahari, wanakopigana."

"Ni mwendo wa namna gani?"

"Hakuendeki kwa miguu, bibi."

"Sasa yeye alifikaje, na hana mabawa?"

Karani akamweleza meli, akamweleza bahari. Mama alijua maji ya Ziwa Rukwa tu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akamfungulia yule kijana jogoo wetu, akasema, "Kula wewe. Na wewe una mama." Tukarudi. Njia ile ile, hakuimba.

Alianza kusema na Mungu njiani, kwa sauti, watu wakipita wanatushangaa. Akamwambia, "Lazaro wako ulikwenda mpaka kaburini kwake ukamwita kwa jina. Wangu huko Bama nani anamwita? Kwa lugha gani?" Mimi niliogopa. Nilifundishwa kwamba Mungu hasemwi hivyo. Lakini radi haikupiga, tukafika nyumbani.

Kisha habari ya kifo cha Lazaro ilifika kwa mwene, mwene akaja mwenyewe, akavua kofia. Mama akamwuliza, "Maiti iko wapi?" Hakuna. "Nguo yake?" Hakuna. Akasema, "Basi hujaniambia kitu." Akakataza watu wasikae msiba, akakataa kunyoa nywele. Kwetu msiba una mwili, mnaukalia, mnauosha, mnautia udongoni. Utakaliaje neno la mtu? Na mimi nikawa si mke si mjane.

Vita ikaisha. Akarudi Simoni wa Hasamba, mwenzake Lazaro tangu utoto. Amekonda, macho yamekwenda ndani. Akakaa chini, hakutaka kigoda. Mwinjilisti wetu alikuwepo pia.

Simoni akasema, "Mama, nilikuwa naye. Msituni, mvua haikatiki. Alipigwa hapa." Akagusa ubavu. "Nilimbeba mpaka mtoni."

Mama akauliza kitu kimoja tu. "Ulimwita?"

"Nilimwita, mama."

"Kwa Kinyiha?"

"Kwa Kinyiha. Nilimwita jina lake mpaka sauti yangu ikaisha. Hakuitika. Tukamzika pale pale."

Mama akainamisha kichwa. Mwinjilisti akafungua Biblia yake pale kwa Lazaro, alifikiri ndiyo dawa. Mama akamwambia, "Hapana, mwanangu. Hilo nimelishika miaka yote limenikata mikono. Tafuta jingine."

Maskini, alifunua, akafunua. Karatasi zinalia tu. Kisha akasoma pale Yesu anaposema habari za punje, kwamba isipoanguka ardhini ikafa inabaki peke yake, ikifa inatoa nyingi.

"Punje ya nini?" mama akauliza.

"Ya ngano, mama."

"Ngano ni ya wazungu. Sisi hatulimi. Na ulezi je?"

Mwinjilisti akatazama kitabu, akamtazama yeye. "Na ulezi pia, mama."

Mama akasema, "Tusekile, lete shoka."

Akavunja udongo wa kihenge kwa mkono wake. Ulezi ulikuwa mzima, si mnajua ulezi hauliwi na wadudu upesi. Katikati kulikuwa na shimo, pale alipokaa Lazaro, punje zimeporomokea ndani lakini umbo unaliona bado. Mama akaingiza mikono mle shimoni. Hapo ndipo alipolia. Sauti ile ya kuita Hasamba, mnaikumbuka? Watu wakaja kutoka kila upande. Tukanyoa nywele. Tukakaa msiba, na ulezi ule ndio ulikuwa katikati yetu, kwenye ungo, mahali pa maiti.

Mvua zilipokaribia tukafunika majani kwa udongo matutani, tukayachoma kama tulivyozoea, tukamwaga ulezi wa Lazaro juu ya majivu. Mwinjilisti aliomba. Mama akaniambia siku ile, "Sasa wewe ni mjane, mwanangu. Ukipata mtu mwema, nenda." Ndiyo nikampata babu yenu, baadaye.

Uliota. Si wote, ulikaa sana ndani. Mmoja hapa, mmoja pale. Lakini tulivuna, tukagawa kwa kila nyumba ambayo mtoto wao hakurudi, wakapande. Mpaka leo ukipita huko, wapo wanaopanda mbegu ile, na wanaiita lazaro, hawajui kwa nini.

Watu huniuliza, bibi, Mungu alikuwa na maana gani? Mimi shule yangu ndogo. Najua mama yule hakumwacha Mungu, wala hakusema tena kwamba kifo kilimkataa mwanawe. Alisema, "Ameanguka, ameota. Lakini aliyeota si yeye, ni wengine." Nami naishia hapo alipoishia.

Ila moja tu: tulipokuwa tunapepeta mavuno yale ya ulezi wa Lazaro, vumbi likapanda, nikapiga chafya.

Mama aligeuka upesi, akatazama kihenge.

Kisha akanitazama mimi. "Ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Haya," akasema. "Pepeta."