Mashua Niliyoizamisha Kabla ya Kuiuza

Mwenye shamba niliyemfanyia kazi ya useremala kando ya Ziwa Naivasha alirudi kwao Ulaya katikati ya miaka ya hamsini. Mpishi aliachiwa baiskeli. Mimi niliachiwa mashua ya mbao ya futi kumi na nne, barua yenye sahihi inayosema ni yangu, na kitabu cha Kiingereza kuhusu utengenezaji wa mashua. Kitabu hicho nilikuwa nimeshakisoma mara tatu kwa msaada wa kamusi, ukurasa mmoja kila jioni. Kwa kukifuata, nilikuwa nimebadilisha mbao mbili za ubavuni na kila msumari wa shaba uliolegea.

Sikuhitaji mashua. Nilihitaji banda langu mwenyewe la useremala mjini Nakuru, nifanye kazi bila kuitwa kwa kengele ya mtu mwingine. Mashua ile ingetosha kunianzishia, na sikuwa na kitu kingine cha kuuza.

Kwanza nilijaribu kuiuza mwenyewe. Walikuja watu wawili. Wa kwanza alisoma barua yangu mara mbili, akaitazama mashua, akanitazama mimi, akauliza mwenyewe yuko wapi. Wa pili aliuliza hilo hilo bila kuisoma barua. Nikaona nimwendee dalali.

Dalali huyo aliuza samani na gramafoni za wazungu waliokuwa wakiondoka. Alizaliwa Nakuru, lakini babu yake alitoka pwani, na hilo alilitaja kana kwamba ujuzi wa vyombo vya majini hurithiwa kama pua.

"Boti niachie mimi, fundi," aliniambia. "Sisi ni watu wa maji."

Nilimuuliza kama amewahi kupanda moja.

"Niko na kazi nyingi," alijibu.

Tulikubaliana alete mnunuzi Jumamosi. Siku hiyo niliichagua mimi, kwa sababu maalumu. Mashua ilikuwa imekaa bandani kiangazi kizima, na mbao zilikuwa zimesinyaa hadi ncha ya kisu ikapita kati yake. Dawa yake ni maji. Unaizamisha siku nne, mbao zinakunywa, zinavimba, nyufa zinajifunga. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo mara mbili na haikunishinda. Jumanne asubuhi niliivuta hadi kwenye mafunjo, nikaijaza mawe, ikashuka mpaka ukabaki kuonekana ukingo tu.

Kosa langu ni kwamba sikumweleza dalali. Nilidhani mtu wa maji analijua jambo hilo.

Alimleta mnunuzi Jumatano, akiogopa asije akachukuliwa na dalali mwingine. Mnunuzi mwenyewe alikuwa Mhindi mwenye gereji Nakuru, mtu aliyependa kuvua samaki kila Jumapili.

"Iko wapi?" dalali aliuliza.

Nikawaonyesha. Dalali aliutazama ule ukingo majini, kisha akanigeukia.

"Fundi, nilikuambia tunauza boti. Sikukuambia tuizike."

Mnunuzi hakucheka. Aligeuka, akaanza kurudi kwenye gari lake. Dalali akanishika mkono, akanisogeza kando.

"Itoe sasa hivi. Paka lami kwenye hizo nyufa, itaelea mpaka alipe. Baada ya hapo ni yeye na Mungu wake."

Siwezi kusema sikuliwaza. Niliwaza banda langu, na nilimwona mnunuzi akifungua mlango wa gari. Lakini mbao zile mbili nilizipiga randa kwa mikono yangu, na sikutaka mtu aje kuzilaani katikati ya ziwa. Nikamfuata.

"Bwana, nikiitoa leo itavuja. Nikiitoa Jumamosi haitavuja."

Nikamweleza sababu. Alinisikiliza kama fundi anavyosikiliza injini, ameinamisha kichwa. Aliuliza maswali mawili tu: mbao ni za mti gani, nami nimejuaje. La kwanza nilimjibu ni mwerezi. Kwa la pili nilikwenda kuleta kitabu, nikamfungulia ukurasa wenye alama yangu ya penseli. Aliusoma wote akiwa amesimama.

"Jumamosi nitakuja na soksi nyeupe," alisema.

Sikumwelewa, wala dalali hakumwelewa.

Siku zile nilikwenda kwenye mafunjo asubuhi na jioni, ingawa hakukuwa na la kufanya. Mbao hazivimbi upesi kwa sababu unazitazama. Ijumaa mchana niliingiza mkono majini nikajaribu nyufa kwa kisu. Kisu kilikataa kuingia.

Jumamosi nilitoa mawe, nikakumba maji kwa ndoo, nikaikausha sakafu kwa gunia. Mwenye gereji alivua viatu, akampa dalali.

"Nishikie hivi, mtu wa maji. Ama unakuja?"

"Nitawangoja hapa," dalali alisema, akiwatazama viboko kwa mbali.

Tulipiga makasia karibu saa nzima, yeye ameweka nyayo zake bapa sakafuni. Nilimwonyesha kiungo kimoja nyuma kilichokuwa bado kinatoa jasho, kabla hajakiona. Akakigusa kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Tulipofika ufukweni aliinua mguu mmoja, kisha wa pili. Soksi zilikuwa kavu, na nyeupe vilevile.

Aliichukua kwa bei niliyotaja, bila kuvutana. Dalali, ambaye alikuwa amejiandaa kwa ubishi mrefu, alipokea ujira wake kama mtu aliyenyang'anywa kazi.

Mwezi uliofuata nilifungua banda langu Nakuru. Na kila mwisho wa kiangazi mwenye gereji alinipeleka Naivasha kwa gari lake, nikaizamisha mashua yake mbele ya wageni wake. Walipoanza kucheka, yeye aliwaambia warudi Jumamosi.