Pembe za Mama na Gunia la Ng'onda

Siku tuliyokimbia Chula, kisiwa chetu kusini mwa Kismayo, kila mtu alibeba alichoweza. Jirani alibeba sufuria, baba alibeba Msahafu na nyavu zake, na mama yangu, wenye bunduki wakiwa wameshashuka upande wa pili wa kisiwa, alirudi ndani mbio kuchukua vitu viwili: gunia la ng'onda, samaki wetu wa kukausha, na pembe zake za vugo. Baba alifoka, "Wewe mwanamke, twafa, nawe waenda kuchukua pembe!" Mama akamjibu, "Na tukiishi, harusi za wanao zitachezwa kwa makofi?" Hata leo nikikumbuka jibu lile nacheka peke yangu.

Kwa asiyejua, vugo ni pembe za nyati. Wanawake wa kwetu huzigonga kwa vijiti, wakiimba na kwenda kwa madaha siku ya harusi. Pembe za mama zilikuwa za mama yake, na mkono wa mama ulikuwa na sifa zake. Kabla ya vita walikuwa wakimwita hadi Kismayo.

Mashuani, tulipopita Ras Kamboni kuelekea Kiunga, mama alianza kuhema. Alikuwa ameketi tu, mzigo ameshautua, lakini pumzi zilimpanda. Baba akasema ni hofu, nasi tukaafiki, maana siku ile nani hakuwa na hofu? Tatizo ni kwamba tulipofika kambini, nje kidogo ya Mombasa, hofu ikawa jina la kila kitu. Miguu ikimvimba, hofu. Akishindwa kulala bila mto wa pili, ule wangu, hofu. Bunduki tulishaziacha ng'ambo ya mpaka, lakini hofu ya mama haikuchoka.

Kisha nikaposwa. Alhamdulillahi! Tena na kijana wa Koyama, kisiwa jirani na chetu, niliyekutana naye kwenye foleni ya bomba la maji. Nilifurahi hata nikaunguza wali na hakuna aliyenigombeza. Shangazi zake walikuja na maneno yao: "Vugo tutaongoza sisi. Wachu wa Chula mmeshasahau." Wamwambia nani! Mama aliinuka, akaangua pembe, akaanza kugonga ili wasikie wenyewe. Hakufika mbali. Kijiti kilimponyoka, akashika nguzo ya kibanda, midomo imemgeuka rangi. Nilimdaka kabla hajaanguka, na nilidhani ndiyo basi, nampoteza.

Kwenye zahanati muuguzi, mwanamke wa bara mwenye sauti ya kicheko, alimfunga mama kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatazama kipimo, akapima tena. Kicheko kikamkauka. "Mama, presha yako iko juu sana, na si ya leo. Mishipa imebana, basi moyo unasukuma kwa nguvu. Mkono wa mvuta nyavu unanenepa kwa kazi, sivyo? Na moyo hivyo hivyo. Ila moyo ukinenepa hauzidi nguvu, unachoka." Akauliza kama yupo mwingine katika ukoo aliyepatwa na jambo la moyo. Tukasema hakuna. Akauliza kama yupo aliyeanguka ghafla. Ah, hao walikuwepo! Bibi alianguka kisimani Chula, mama akiwa bado mwari, hata hakuwahi kumchezea vugo bintiye. Tulisema kapigwa na upepo. Mjomba alianguka sokoni Kismayo. Tulisema ni jicho la watu.

"Na upepo huo," muuguzi akauliza, "umewachagua nyinyi tu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kifo cha bibi kilikuwa na sababu! Na jambo lenye sababu mtu anaweza kulifungia mlango.

Mama akapewa vidonge, avimeze kila siku, hata siku anayojiona mzima. Chumvi apunguze sana. Na vugo asiguse mpaka presha ishuke. Harusi ilikuwa imewekwa mwezi wa Maulidi, na mama si mtu wa nusunusu: siku ile ile kopo la chumvi lilihamia kwa jirani.

Presha haikushuka. Tulirudi zahanati tena na tena, vidonge vikaongezwa, kipimo kikabaki kule kule. Muuguzi akamkazia macho. "Mama, unakula chumvi."

"Munyu siugusi, wallahi! Muulize mchu yeyote."

Nami nikapandwa na hasira kwa niaba ya mama yangu, maana alisema kweli. Mama akamaliza ugomvi kwa njia ya kwetu: akamwalika muuguzi chakula cha mchana, aje aone kwa macho yake.

Akaja. Tukampakulia wali wa nazi usio na chembe ya chumvi, na mchuzi mzito wa ng'onda. Gunia la Chula lilishakwisha, lakini wasafiri wa Kiunga hawakumwacha mama bila jingine. Muuguzi akatia tonge mdomoni, akasita, akaomba maji. Akaomba mengine.

"Mama, samaki huyu umemtia nini?"

"Sikumtia kichu. Ni ng'onda tu."

"Anatengenezwaje?"

Mama, kwa fahari ya fundi, akaanza kumfundisha: "Wampasua mgongoni, wamshindilia munyu mpaka usiingie tena, kisha wamwanika ju..." Akakoma, mkono hewani.

Baba ndiye aliyeanza kucheka. Kisha sote, muuguzi amekaa chini kabisa, machozi yanamtoka. Kwetu chumvi ilikuwa ile ya koponi. Ng'onda alikuwa samaki. Mtu wa bara hakujua kuuliza, na sisi hatukujua kujibu.

Mama alicheka nasi, kisha akalia kweli. "Nimeacha nyumba, nimeacha kisiwa, na ng'onda niache?" Iliniuma, kwani harufu ya gunia lile ndiyo ilikuwa Chula yetu yote iliyobaki. Nikamwambia, "Mama, chagua. Gunia au pembe." Akalitazama gunia, akazitazama pembe ukutani. "Basi wapelekeeni wale shangazi wa Koyama." Nikakataa. Nao wana mioyo, hata kama hawajui vugo.

Tukahamia samaki mbichi, ndimu na pilipili. Muuguzi alipomruhusu, mama akawa anatembea kila asubuhi mpaka pwani na kurudi, nami nyuma yake nikimkimbilia. Miguu ikakonda, mto wa pili akanirudishia, na siku kipimo kiliposhuka muuguzi alipiga kigelegele ndani ya zahanati. Akanifunga na mimi kile kitambaa. Ilikuwa sawa, ila alisema niwe nikipimwa, damu ni ile ile.

Mwezi wa Maulidi, alasiri, nilichungulia dirishani na hina yangu mbichi, jambo ambalo bibi harusi hapaswi kufanya. Mama yuko mbele! Pembe zinalia, na shangazi wa Koyama wanamfuata nyuma kama kondoo. Kisha katikati ya wimbo, bila kuambiwa na mtu, akampa mwenzake nafasi, akaingia chumbani kwangu.

Nilishtuka. "Mama, moyo?"

"Moyo mzima." Akazifunga pembe za bibi ndani ya kanga, akazisukuma chini ya kitanda. "Nyimbo zilizobaki naziweka. Ni za harusi ya mwanao."