Mlango wa Maofisa

Ilikuwa miaka ya ruksa, hospitali zimeanza kutoza watu, nami nimekaa kwenye benchi la wagonjwa pale Maswa. Akaingia mzee mrefu amemshikilia mkewe aliyekuwa anahema kwa shida, wakakaa mwisho kabisa. Mlinzi alipomwona akabana visigino.

“Jambo, afande brigedia. Pita mbele.”

“Hapana, kijana wangu. Kule jeshini nani alifuta mlango wa maofisa zahanati?”

“Wewe, afande. Ulisema ofisa asitangulie askari kutibiwa.”

“Basi hapa nitaufunguaje?”

Mkewe akacheka kidogo, kikohozi kikamkata. “Mimi sikuwahi kuwa ofisa, baba,” akasema.

Mzee akamfuta jasho kwa kiganja, lakini hakuinuka. Benchi zima tukanong'ona kumsifu kwamba mkubwa wa kweli ndiye huyu. Jina la yule mama lilipoitwa, mzee ndiye aliyeitika, akabaki amekaa, mkono umetulia kifuani kwa mkewe. Kifua hakikuinuka tena.

Watu hadi leo wanamlaumu kwa ukaidi. Mimi nashindwa. Siku ile nilikuwa wa pili kutoka mlango wa daktari, nimepeleka goti tu, na sikufungua kinywa kusema, “Mayu, mama yangu, njoo ukae hapa nilipo.”