Tumbili Mgongoni, Posa Mkononi

Chekeni tu, najua hamjizuii, maana aibu hii niliibeba mwenyewe, mgongoni, kwa khanga yangu nzuri.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa nalisha tumbili wa utafiti hapa Tabora. Kikohozi kikaingia bandani, makamasi, pumzi za kukoroma, wawili wakafa, na daktari wetu wa mifugo yuko stesheni anangoja treni ya kwenda Bukene. Akiondoka bila kumwona mgonjwa, banda zima limekwisha, na mimi hilo sikulikubali. Basi nikamchukua mdogo aliyezidiwa (hana nguvu hata ya kuuma), nikamfunika gubigubi asipigwe na upepo, nikambeba mgongoni, mimi huyoo stesheni. Nikasahau kwamba sina mume.

Njiani, mtaa wa Isevya, kwenye foleni ya sukari, nikakutana macho na Shangazi Zuhura, shangazi wa mchumba wangu, yeye ndiye aliyeleta posa kwetu wiki ileile. Nikamwamkia shikamoo, marahaba haikuja. Mgongoni pakakoholewa. Akatoka kwenye foleni (foleni ya sukari, jamani, mjue alivyochukia) akauliza mtoto wa nani. Ningesema tumbili, watu wangejaa na treni ingeniacha.

"Ni mgonjwa, shangazi, nawahi daktari," nikasema, nikaongeza mwendo.

Akanifuata, kila kibaraza anakitangazia kwamba bibi harusi wao ana mtoto mgonjwa, mpaka nafika stesheni nina msafara nyuma yangu. Daktari keshapandisha mguu mmoja kwenye behewa, nikamvuta koti, na Shangazi naye akafunua khanga aone mtoto kafanana na nani. Ukatoka mkono wa manyoya, ukakamata ushungi wake, na kikohozi chote kikamwishia usoni. Stesheni nzima ikaangua kicheko, Shangazi akakaa chini palepale. Nilitamani ardhi inimeze, lakini koti la daktari sikuliachia.

"Msikilize kifua kwanza," nikamwambia. "Watacheka baadaye."

Akasikiliza, akashusha mkoba wake, treni ikaondoka bila yeye. Ilikuwa nimonia. Tukawatenga wazima, wagonjwa wakachomwa sindano, na banda likapona.

Posa nayo ilipona, ila niliapa sibebi tena kitu mgongoni bila kukitangaza. Haijasaidia. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Shangazi alikuja na kuku wake, akafunua khanga, akatazama vizuri, ndipo akasema hongera.