Mtani Aliyeanza Kuniheshimu

Sheria ya kuzuia madaktari kutibu watu kwa faida ilinigharimu mtani mmoja. Nimepiga hesabu mara mbili, jibu halibadiliki.

Miaka hiyo ya vijiji vya ujamaa mimi na mtani huyo tuliuza bidhaa kando kwa kando sokoni Kilosa, mimi maharage, yeye katambuga za matairi. Makabila yetu yana utani tangu kwa mababu, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kunitukana. Daktari binafsi wa karibu na stesheni alipofunga milango kwa sheria hiyo, soko zima liligawanyika. Mimi niliisifu sheria, mtani akaipinga. Yule daktari nilishambembeleza anipunguzie bei ya sindano, akakataa. Serikali ilitoa bure, na bure haibembelezwi.

“Huyu bahili,” mtani akawaambia wateja, “sumu ikigawiwa bure atapanga foleni mara mbili!”

“Na wewe daktari wako alikupasua mfuko, tumbo akaliacha!” nikamrudishia.

Watu walicheka, wakanunua. Wengi walioogopa kuipinga sheria waliisikiliza hoja yao mdomoni mwake, maana mtani hashtakiwi.

Asubuhi moja akaja na baiskeli kutoka kijijini kwake Chanzuru, kalowa jasho. Lori nililokodi lilikuwa linapakia magunia yangu ya maharage ya kupeleka Mikumi.

“Mtani, zahanati dawa zimekwisha. Mama watoto ana mimba, anatoka damu. Nipe lori nimlete hospitali ya wilaya.”

Nikapiga makofi. “Jamani, hoja zimemwishia, leo kaleta machozi!”

Soko likaangua kicheko. Akageuza baiskeli, akaondoka. Hapo nikashtuka: hakuwahi kuniachia neno la mwisho. Hata hivyo tulimaliza kupakia kwanza.

Ndipo tukamfuata na lori. Tuliwakuta njiani, mkewe kafungwa kwa khanga kwenye keria, yeye anasukuma. Mke alipona. Mtoto alizaliwa amekufa.

Pengine hata yule daktari wa stesheni asingeweza kitu. Sheria nimeitetea na kuilaumu kwa zamu, wala haijanisaidia.

Tangu hapo mtani ananiita mzee. Ananiuliza hali ya watoto, kwa adabu kabisa, kama mtu aliyekuja kuposa. Kaka yangu alipofariki, badala ya kuja kutudhihaki na kudai ubwabwa kama mila inavyotaka, alikaa pembeni kama mgeni. Nikamfuata.

“Nitukane basi, hata mara moja.”

“Pole kwa msiba, mzee.”

Ninyi mnaozijua mila hizi, nishaurini: utani ukifa, hufufuliwa kwa kutoa nini? Mbuzi ninaye. Nianzie kwa mtani mwenyewe, au kwa mkewe?