Mstari wa Pacha Wangu

Kanisani kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nilikuwa karani wa orodha ya waliopotea vitani. Ilikuwa faili moja ya maandishi, kila mtu na mstari wake, kwenye kompyuta kuukuu ya Linux. Kila mwezi mchungaji aliibeba kwenye flashi hadi Lilongwe, ikatumwa kwa makanisa ya nchi jirani. Mtu akipatikana, tulifuta mstari wake na akina mama wakapiga vigelegele.

Asubuhi moja mama mmoja wa Fizi aliingia analia huku anacheka.

"Papa, bamemupata! Mutoto wangu iko Kigoma. Umutoshe ku liste!"

Nilifurahi, nikataka na kujionyesha kidogo. Niliandika sed, amri inayohariri faili bila kuifungua, nikaiagiza ifute mstari wenye jina la yule mtoto. Nikabonyeza Enter. Kompyuta haikusema kitu.

Sasa, kwetu mapacha hawachaguliwi majina. Anayetangulia kuzaliwa hupewa jina lilelile katika kila nyumba. Mtoto wa yule mama alikuwa pacha wa kwanza. Ndugu yangu, niliyepotezana naye tukikimbia kutoka Uvira, naye pia, na alikuwa kwenye orodha ileile. Mimi, pacha wa pili, nikasahau hilo! Mjinga wa kutupwa.

Niliandika grep, amri ya kutafuta, pamoja na jina lile. Haukuja hata mstari mmoja. Mapacha wote wa kwanza nilikuwa nimewafuta, na huko waliko hakuna ambaye angejua kwamba wanatafutwa. Nakala pekee niliyoweza kuifikia ilikuwa kwenye flashi, na mchungaji alishaondoka nayo. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Nilipanda minibasi hadi Lilongwe nikiomba njia nzima. Nilimkuta mchungaji katika mtaa wa Kawale, kwenye kibanda cha kurekodi nyimbo, flashi imeshachomekwa.

"Ngoja kwanza, liste nilishatuma, banaisafisha, batie nyimbo za kwaya," alisema.

Niliichomoa bila hata kumwamkia.

Niliporudi niliirudisha orodha kutoka kwenye flashi, nikatumia grep inayoonyesha namba za mistari, nikafuta mstari mmoja tu, wa mtoto wa yule mama, nikiwa nimeisoma namba yake mara tano. Mstari wa ndugu yangu ulikuwa chini yake.

Kila Jumapili mama yangu huniuliza, "Ndugu yako iko ku liste bado?"

"Iko, mama," namjibu. Angeniuliza siku ile nilipomfuta, ningemjibu kwamba hayuko, naye angepiga vigelegele.